Rangi Ilibanduka, Nati Zikalegea: Kisa cha Rimu za IST ya Tabata

Gari ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililotoka kati ya 2002 na 2007, na linalala Tabata, Dar es Salaam. Mwenye gari ni mwalimu wa sekondari. Rimu zake ni za aloi, inchi 15, zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, alizipaka rangi nyeusi uani kwake kwa makopo ya kupulizia. Kufikia Agosti alikuwa na matatizo manne. Rangi ilikuwa inabanduka usoni mwa rimu, vipande vipande. Rimu moja ilikuwa na weupe kama wa maziwa ambao haukufutika hata kwa sabuni. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linadai upepo kila wiki. Na siku moja akiwa njiani kwenda Morogoro, alipoipita Mlandizi, gari lilianza kugonga nyuma upande wa kulia. Aliposimama Chalinze na kushika nati za gurudumu hilo, mbili zilizunguka kwa vidole.

Mtaani hukumu ilitoka haraka: mwalimu ameuziwa rangi feki Kariakoo. Ni hukumu inayopendwa kwa sababu haimgusi yeyote aliyepo kwenye mazungumzo. Bahati nzuri kopo moja lilikuwa limebaki nusu. Mimi na mwalimu tulitafuta kipande cha boneti ya zamani, bado kina rangi yake ya kiwandani, tukakiosha, tukakipiga msasa namba 400, tukakifuta na kukipulizia rangi ileile. Kilipokaa wiki nzima nikakichana kwa wembe mistari inayokatana, nikabandika tepu juu yake na kuivuta kwa mkupuo. Haikutoka na chembe ya rangi. Jaribio hilohilo kwenye uso wa rimu liliondoka na kipande kipana, na chini yake aloi ilikuwa inang'aa kana kwamba haijawahi kuguswa na rangi.

Kopo ni moja, matokeo ni mawili. Kwa hiyo tukaacha kuuliza rangi imetoka duka gani, tukaanza kuuliza imewekwa juu ya nini, na imewekwa wapi.

Alivyozipaka

Mwalimu hakufanya kazi ya kubabaisha, na hilo lazima lisemwe. Alitenga siku zake za likizo. Alifungua magurudumu mawili mawili, akampelekea fundi tairi ayatoe matairi, na gari akaliacha juu ya tofali. (Hapa nitoke njiani kidogo: tofali la bloku hupasuka bila kuaga. Ukikosa stendi za chuma, weka gogo la mti mgumu au rimu ya akiba iliyolazwa, lakini gari lisikae juu ya bloku huku watoto wanacheza uani.)

Rimu aliziosha kwa sabuni ya unga. Halafu akaazima grenda, akafunga brashi ya waya wa chuma, akasugua uso wa kila rimu mpaka aloi ikatoka tupu na kung'aa. Kwa upande wa ndani, kule kunakotazamana na breki, hakuwa na subira hiyo. Alipitisha msasa wa juu juu na kitambaa chenye thina. Mikwaruzo ya kingo za barabara aliijaza pati. Kisha akapuliza praima (rangi ya chini) ya chuma iliyobaki alipopaka geti la nyumba, halafu rangi nyeusi, mipuliko miwili mizito, halafu klia, ile ya juu isiyo na rangi. Rimu ya mwisho aliimalizia jioni, kama saa kumi na mbili, baada ya mvua kukatika. Kesho yake matairi yakarudishwa na gari likafungwa magurudumu.

Dukani muuzaji alikuwa amemshauri achukue rangi ya moto, ile ya ekzosi, kwa hoja kwamba breki zinachemka. Aliikataa kwa sababu ya bei, na bei ikamwokoa. Rangi ya namna hiyo hukomaa vizuri ikiokwa kwenye joto la nyuzi 200 na zaidi. Rimu ya gari dogo la mjini haifiki huko, kwa hiyo rangi hubaki laini, na ukucha tu unaitoa.

Pale alipotumia nguvu ndipo palipobanduka

Jambo la kwanza lililonishangaza nilipozilaza rimu chini lilikuwa hili: usoni, alikosugua kwa grenda, rangi ilikuwa imetoka. Ndani, alikopitisha msasa wa haraka, rangi ilikuwa imeshika kabisa. Tepu haikuitingisha.

Maelezo yake si magumu ukijua rimu ya kiwandani imevikwa nini. Aloi ya aluminiamu hupitia tabaka la kwanza la kinga, ambalo mara nyingi ni rangi ya unga inayookwa, kisha rangi yenyewe, kisha klia. Tabaka hilo la chini ndilo praima bora utakayowahi kuipata, na hakuna kopo la dukani linaloifikia. Ikiwa bado imeshika, kazi yako ni kuikwaruza tu ipoteze mng'ao ili rangi mpya ipate pa kushikilia. Mwalimu aliiondoa yote usoni akidhani anasafisha, akaiacha ndani kwa uvivu, na uvivu ukatoa kazi nzuri kuliko bidii.

Alipofika kwenye aloi tupu mambo yakabadilika. Aluminiamu ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba wa oksidi. Praima ya kawaida ya chuma haina cha kushika pale. Aloi tupu inahitaji praima ya epoksi, au ile yenye asidi inayong'ata uso wa aluminiamu. Praima ya geti ilikauka juu yake, ikalala tu. Kila jiwe dogo lililorushwa na daladala la mbele likafungua kidirisha, maji yakaingia chini, na rangi ikaanza kuinuka kutoka hapo.

Brashi ya waya nayo ilichangia kwa njia isiyoonekana siku ya kwanza. Waya wa chuma unaposugua aluminiamu huacha chembe za chuma ndani ya mikwaruzo. Chembe hizo hupata kutu, na mahali chuma na aluminiamu zinapogusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Chini ya vipande vilivyobanduka kulikuwa na vitone vya kahawia vilivyozungukwa na unga mweupe. Bora angetumia msasa kwa mkono, kuanzia namba 240 mpaka 400, hata kama mikono ingemuuma.

Karibu na mdomo wa tairi kulikuwa na ugonjwa mwingine mdogo: rangi ilikuwa imejikusanya pembeni na kuacha vishimo vya duara. Hiyo ni dawa ya kung'arisha tairi. Ina silikoni, na sabuni ya unga haiitoi. Ukipiga msasa kabla ya kuiondoa unaisukuma ndani ya mikwaruzo na kuieneza. Mafuta yanatolewa kwanza, kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, kisha kitambaa chenye thina kikifuatiwa na kingine kikavu kabla ya thina haijakauka. Msasa unafuata baadaye.

Weupe wa maziwa hauhitaji maneno mengi. Ulikuwa kwenye rimu moja tu, ile ya jioni. Thina iliyomo ndani ya klia inapoondoka hupoza uso wa rimu, na hewa ya Dar es Salaam baada ya mvua imejaa maji, kwa hiyo unyevu hutua juu ya klia kabla haijafunga. Rimu nyingine tatu, zilizopulizwa mchana, hazikuwa nao.

Nati

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, na ndipo watu wengi wanaopaka rimu nyumbani hawaangalii kabisa.

Mwalimu alipotoka Morogoro alikwenda moja kwa moja kwa fundi tairi aliyemfungia magurudumu, kijana wa hapohapo Tabata. Mazungumzo yao niliyasikia.

"Fundi, ulitaka kuniua."

"Shikamoo mwalimu. Kwani kuna nini?"

"Nati hukukaza."

"Mwalimu, zile nati nilikaza nikapanda na mguu. Hata wewe uliniambia basi, usije ukakata bolti."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Nati zilikazwa, na nati zililegea, na katikati hakuna aliyezigusa.

Nati ya gurudumu haishikilii rimu kwa sababu imezungushwa sana. Inashikilia kwa sababu bolti imevutika. Ukikaza, bolti hurefuka kidogo, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi kwenye urefu wake, huivuta rimu na kuibana kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Kwa Toyota ndogo nyingi, IST ikiwemo, kipimo cha kukaza ni Newton-mita 103. Kwa bolti ya milimita 12 hiyo ni nguvu ya kubana ya takriban tani 4 kwa kila nati. Ni nguvu kubwa, lakini kurefuka kwa bolti kunakoileta ni kudogo mno: ukipiga hesabu kwa sehemu fupi ya bolti iliyo kati ya nati na habu, unapata chini ya milimita 0.1, karibu na unene wa unywele wa mtu.

Sasa weka rangi kati ya nati na rimu. Praima, rangi mipuliko miwili mizito na klia vinaweza kufika milimita 0.1 hadi 0.2 bila shida. Rangi hiyo ilikuwa na umri wa siku moja, bado laini. Fundi alipopanda na mguu spana iligoma, nati ikahisi ngumu, kila mtu akaridhika. Halafu gari likatembea, breki zikapasha rimu joto, rangi ikaminywa na kutoka pembeni. Iliyotoka ni nyembamba sana, ila ulikuwa uleule unene uliokuwa umeivuta bolti. Bolti ikarudi kwenye urefu wake na tani 4 zikayeyuka.

Ushahidi ulikuwa kwenye matundu yenyewe. Kila tundu lilikuwa na pete nyeusi ya rangi iliyominywa ikajikunja ukingoni. Kwenye rimu ya nyuma kulia, matundu mawili yalikuwa yamebaki aloi tupu upande mmoja na rangi nene upande wa pili, maana yake nati ilikaa kombo. Nilipomuuliza mwalimu kwa nini rimu hiyo ina rangi zaidi, alisema ndiyo aliyoimalizia makopo. Uso wa nyuma, ule unaolala kwenye habu, nao ulikuwa mweusi, na rangi yake ilikuwa imehamia nusu kwenye habu.

Tulipopitisha spana ya kipimo, ile inayolia nguvu iliyowekwa ikifika, kwenye magurudumu mengine matatu, hakuna nati hata moja iliyofika 103 bila kusogea kwanza. Gurudumu la nyuma kulia lilitangulia tu. Mengine yalikuwa kwenye foleni. Yule kijana alitazama spana ikilia kwenye nati ambayo alikuwa na uhakika nayo, akasema, "Kumbe mguu hauna kipimo." Mguu hauna kipimo, ni kweli, lakini katika kisa hiki hata spana ya kipimo isingesaidia siku ile, maana ingelia juu ya rangi. Ingesaidia siku ya pili, kama gari lingerudishwa baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikaguliwe tena. Ukaguzi huo ni wa lazima kila gurudumu linapofunguliwa, rangi iwepo isiwepo, na sijui ni wangapi Dar es Salaam wanaoufanya.

Inafaa pia kutofautisha mlio. Rimu iliyopoteza balansi hutetemesha usukani kwenye mwendo fulani, mara nyingi kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, kisha hutulia ukiupita au ukipunguza. Nati zilizolegea hugonga kwa mwendo wowote, na mlio hubadilika ukikata kona au ukishika breki. Ukisikia huo wa pili, pa kusimama ni pale ulipo, ukiwa umejitoa barabarani. Mwalimu aliuburuta kutoka Mlandizi hadi Chalinze kwa sababu alidhani ni balansi.

Upepo unaopungua ulikuwa na mama mwingine

Tairi la mbele kushoto kila mtu alilihusisha na rangi. Hoja ilikuwa nzuri: mwalimu alipuliza rangi hata kwenye ukingo ambao tairi hulala, rangi ikapasuka tairi lilipopachikwa, hewa ikapata njia. Hilo hutokea kweli. Fundi alipaka povu la sabuni kuzunguka ukingo wote wa nje na kusubiri. Hakuna kitu. Akageuza akapaka ndani. Hakuna kitu kwenye ukingo. Ndipo tukalizamisha gurudumu zima kwenye pipa lililokatwa, na mapovu yakaanza kupanda, madogo madogo, kutoka kwenye mwili wa rimu upande wa ndani.

Rangi ilipokwanguliwa hapo ulitokea ufa, mwembamba, wenye urefu wa karibu kidole gumba, unaoanzia mdomo wa ndani na kuelekea katikati. Mwalimu akakumbuka kwamba hata kabla ya Aprili tairi hilo lilikuwa linapungua upepo, ila alilaumu vali, na alipofikia kupaka rangi hakubadilisha vali wala hakuangalia zaidi. Ufa ni kazi ya mashimo. Magurudumu ya kushoto ndiyo yanayotembea ukingoni mwa lami ambako mashimo huanzia, na aloi ikigongwa upande wa ndani huwezi kuona ukiwa umesimama nje ya gari.

Kwa hiyo rangi haikuuleta ufa huo. Iliuficha, kwa miezi mingine minne, pamoja na safari ya kwenda na kurudi Morogoro. Rimu ikishatoka kwenye tairi na kuoshwa, kabla ya msasa wa kwanza, igeuze uitazame juani kuzunguka mdomo wote wa ndani, na upitishe ukucha kila penye mstari. Fursa ya kuona sehemu hiyo haiji mara nyingi.

Mafundi wa kuchomelea aluminiamu wapo na walijitokeza haraka. Sina shaka wanaweza kuuziba ufa ukashika upepo. Tatizo langu liko kwingine. Rimu za aloi huimarishwa kiwandani kwa joto linalodhibitiwa, na moto wa kuchomelea hulainisha aloi kuzunguka kovu. Unabaki na rimu isiyovuja yenye eneo dhaifu palepale panapopigwa na mashimo. Kwenye mdomo uliokwaruzwa tu ningekubali mazungumzo. Kwenye ufa unaopanda kuelekea katikati, hapana. Mwalimu alinung'unika kuhusu gharama, kisha akaenda mtaa wa Gerezani kutafuta rimu ya mtumba.

Nilimwandikia vitu vya kuangalia: matundu manne ya nati yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, tundu la katikati la milimita 54.1 ili rimu ikae sawasawa kwenye habu, upana na namba ya kina (ofseti, yaani rimu inaingia ndani kiasi gani) viwe sawa na zilizogongwa nyuma ya rimu zake, na alama ya JWL, ambayo ni ya kiwango cha Japani kwa rimu za aloi. Tena rimu izungushwe kwenye mashine ya balansi kabla hajalipa, ionekane kama imepinda. Muuzaji akikataa kuizungusha, ahamie duka la pili. Alikataa wa kwanza, wa pili akakubali.

Kazi ya pili

Rimu tatu zilizobaki zilirudishwa uani. Sikukubali zikwanguliwe zote mpaka aloi. Nilichokuwa naogopa ni kurudia kosa lilelile kwa bidii zaidi. Upande wa ndani, rangi iliyokuwa imeshika iliachwa. Usoni ilitolewa yote iliyokuwa imelegea, na palipobaki rangi ya kiwandani, hata kipande, pakaachwa na kulainishwa kingo zake kwa msasa mpaka kidole kisihisi ngazi. Aloi tupu ilipata praima ya epoksi siku hiyohiyo.

Matundu ya nati yalirudishwa kwenye aloi safi, kwa mkono, bila kukwangua umbo la koni yake, kisha yakazibwa kwa tepu iliyokunjwa. Uso wa nyuma unaokaa kwenye habu ulisafishwa na kufunikwa. Ukingo wa tairi ulilainishwa na kuachwa bila rangi mpya. Kufunika kulikula muda mrefu kuliko kupuliza, na mwalimu alilalamika kwamba anapamba vitu visivyoonekana.

Kupuliza kulifanyika kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, umande umekwisha na upepo wa alasiri haujaanza kubeba vumbi la mtaa. Mpulizo wa kwanza ulikuwa mwepesi kiasi kwamba praima ilionekana, na mwalimu alilazimika kushikwa mkono asirudie palepale. Tabaka nyembamba nne ziliifunika rimu vizuri kuliko zile mbili nzito za Aprili.

Kwenye klia tulibishana. Klia ya kuchanganya na hadna (kigumishi) ndiyo inayodumu. Ile ya kopo la kawaida huyeyuka ikimwagikiwa petroli au mafuta ya breki. Lakini hadna ina isosianeti, ambazo huharibu mapafu na zinaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Mwalimu alitaka kuipuliza uani, watoto wakiwa ndani na madirisha wazi. Nilikataa. Fundi rangi wa mtaa angeweza kuifanya, ila naye hufunga kitambaa puani tu, na sikuona faida ya kuhamishia madhara kwenye mapafu ya mtu mwingine kwa ajili ya kung'aa kwa rimu. Ikatumika klia ya kopo. Itahitaji kurudiwa mapema zaidi, na itarudiwa.

Rimu zilikaa wiki nzima kabla matairi hayajarudi, mwalimu akipanda daladala. Huo ndio mvutano mkubwa wa kupaka rimu nyumbani kwa mtu mwenye gari moja: rangi inahitaji siku, na gari linahitajika Jumatatu. Asiye na rimu za kuazima asianze kazi hii akiwa hana hizo siku.

Nati zilikazwa kwa mpangilio wa msalaba, uzi ukiwa mkavu bila grisi, mpaka spana ikalia kwenye 103. Mwalimu akaenda Kibaha na kurudi, na tukazipima tena. Hakuna iliyosogea.

Nyeusi ameing'ang'ania, ingawa vumbi la Tabata linaonekana juu yake kuliko lilivyoonekana kwenye rangi ya fedha. Hilo ni lake. Ninaloendelea kumsumbua nalo ni pale anapooshea gari, kwa kuwa sababu iliyomfanya apake rimu tangu mwanzo haijaondoka. Klia ya kiwandani ilikuwa imeshaanza kuliwa na nyuzi nyeupe zinazotambaa chini yake, zikianzia kwenye mikwaruzo na kwenye risasi za balansi. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na pale anapooshea ni kisima. Gari hupigwa maji, hukaushwa na jua, na chumvi hubaki kwenye kila kona ya rimu. Mara nyingine kijana wa kuosha humwagia rimu asidi ya kusafishia choo ili vumbi la breki litoke haraka. Mwalimu sasa huzikataza asidi, na akifika nyumbani husuuza rimu kwa ndoo ya maji ya bomba, maji yanapotoka. Yasipotoka, zinalala na chumvi mpaka kesho yake.